Sikio la Tepu

Kuna watu wanaodhani kufunga boksi kwa tepu ni kazi ya mtu yeyote mwenye mikono miwili. Watu hao ndio waliompa Bi Tepu ajira ya miaka ishirini na mbili.

Dawati lake lilikuwa nyuma kabisa ya ofisi ya mizigo, kati ya mizani na mlango wa choo, na juu yake palining'inia kibao kilichoandikwa MIZIGO ILIYOPASUKA. Basi likifika, wapakuzi walipeleka mizigo mizima dirishani kwa karani. Ile iliyotumbuka, iliyochanika, iliyonyeshewa au iliyokaliwa na mzigo mzito wa mtu mwingine, walimletea yeye bila hata kusema samahani. Yeye aliimwaga mezani, akaandika kila kilichomo, akakipanga upya na kukifunga. Jina lake la kwenye kitambulisho lilikuwa limeshasahaulika. Hata mume wake akipiga simu ofisini alimwulizia Bi Tepu.

Tepu yenyewe ilikuwa ile ya kijivu, nene, yenye nyuzi ndani, upana wa vidole vitatu. Fundi bomba anaijua, dereva anaijua, mwalimu mwenye kiti kibovu anaijua. Hakuna nyumba isiyo na kitu kilichofungwa kwa tepu hiyo kwa siku mbili tatu tu, na sasa kina mwaka wa tano.

Meneja mpya alipokuja alitaka watumie tepu ya kahawia, inayofanana na boksi, ili mteja asishtuke. Bi Tepu akakataa katakata.

"Tepu si ya kuficha, Meneja. Tepu inasema hapa palipasuka, na yupo aliyepaona akapaziba. Ukitaka kuficha, nunua rangi."

Meneja, ambaye alikuwa amebandika ukutani kwake maneno USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA, hakuona pa kumshikia. Tepu ikabaki ya kijivu.

Alikuwa na jambo lake moja ambalo hakuna kanuni iliyomtaka alifanye. Akifika mwisho wa kufunga, hakukata tepu na kuibandika hivi hivi. Aliikunja ncha kwa ndani, upana wa kidole, gundi ikashikana na gundi, pakabaki kipande kisichonata cha kushika na kuvuta. Kipande hicho alikiita sikio. Sababu yake haikuwa kubwa. Yeye mwenyewe alichukia kutafuta ncha ya tepu kwa kucha, na aliona kwamba mtu ambaye mzigo wake umeshapasuka hastahili kupasuka na kucha pia.

Sasa, Jumanne moja basi la asubuhi lilileta maafa mawili kwa mpigo. La kwanza lilikuwa boksi la bawaba za milango, zito kama dhambi, lililotoboka chini. La pili lilikuwa boksi dogo ambalo bawaba hizo zililiangukia. Ndani ya hilo dogo mlikuwa na fulana mbili, soksi jozi tatu, pakiti ya nyembe, na kopo la dawa ya kuchua viungo lililokuwa limebonyea bila kuvuja. Barua haikuwamo. Bi Tepu alilitambua kabla hajasoma jina. Halikuwahi kupasuka, lakini kila mwaka, mwezi ule ule, makarani walimsomea Mzee Saba kwa sauti karatasi ya boksi kutoka kwa binti yake, na kila mwaka iliorodhesha vitu vile vile.

Mzee Saba alipewa jina hilo na makarani, si kwa ubaya. Alifanya kazi kiwanda cha mbao miaka mingi, na msumeno ulimwachia vidole saba. Mwenyewe alilipenda. Alisema wapo wenye kumi na bado wanafungiwa kamba za viatu na wake zao.

Bi Tepu alifunga boksi dogo, akalikunjia sikio. Alifunga na la bawaba, nalo akalikunjia sikio. Kisha akajaza fomu mbili, kwa sababu kila mzigo uliofungwa upya ulikuwa na Fomu Namba Tisa, ambayo mpokeaji lazima aitie saini. Na hapo, baada ya miaka ishirini na mbili ya kujua kila kitu kinachohusu tepu isipokuwa kwamba inanata, aliweka fomu ya Mzee Saba juu ya meza penye kipande kirefu cha tepu kilicholala chali, gundi juu, akaweka boksi la bawaba juu yake, na boksi likaondoka na fomu chini ya tumbo.

Ilichukua wiki tatu ofisi kujua. Meneja alimwita, akamwonyesha karatasi.

"Bi Tepu, huyu fundi milango amepokea nini?"

"Bawaba."

"Ametia saini kwamba amepokea fulana mbili, soksi jozi tatu, nyembe na dawa ya kuchua. Vyote vikiwa katika hali nzuri."

Bi Tepu aliitazama saini. Ilikuwa ya mtu mwenye kujiamini.

"Watu hawasomi," alisema.

"Watu hawasomi, lakini wakaguzi wanasoma. Mzee Saba alipewa mzigo bila fomu. Mpaka Ijumaa nataka saini yake hapa."

Bi Tepu akapiga simu. Mzee Saba alimjibu kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwake, sauti ya mtu aliyeamka baada ya kulala vizuri.

"Ninakuja kesho hata bila kuitwa, binti yangu. Nina mzigo wa kutuma."

Miaka yote hiyo, Mzee Saba hakuwahi kutuma kitu.

Alikuja kesho yake kabla karani hajafungua dirisha, amenyoa, amevaa fulana mpya ambayo Bi Tepu aliikumbuka maana aliikunja yeye. Kwapani alikuwa na boksi la viatu lililozungushiwa tepu mpaka likafanana na mguu uliovunjika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba. Kaa nikuonyeshe kitu."

Akatoa mfukoni kasha la miwani, akalifungua. Ndani hamkuwa na miwani. Mlikuwa na kipande cha tepu ya kijivu, urefu wa kiganja, ncha yake moja imekunjwa kwa ndani upana wa kidole.

Bi Tepu alikitazama. Alikitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

"Unaona hiki?" Mzee Saba alisema. "Mimi na vidole hivi, ncha ya tepu siwezi kuibandua. Marehemu mke wangu ndiye alikuwa akinikunjia. Kila kitu nyumbani kwetu kilichofungwa kwa tepu kilikuwa na kipembe cha baba kushika na kuvuta. Mtoto alikuwa akimwona mama yake anavyofanya. Mama alipofariki, nikarudi kwenye kisu."

"Pole, mzee."

"Ngoja. Huyu binti, miaka sita iliyopita, alileta mchumba nikamkataa. Sababu sina. Nilikuwa nayo siku ile, sasa nikiitafuta siioni. Nikamwambia, toka na usirudi mpaka nikuite. Akatoka. Na mimi sikumwita." Akavuta pumzi. "Wanasema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Mimi, binti yangu, nimejikwaa vyote viwili, na vidole ndivyo vilivyopona upesi. Kila mwaka ananitumia boksi, neno hakuna. Nalifungua kwa kisu, nasema huyu anatimiza wajibu tu. Safari hii nageuza boksi, nakuta hiki. Amenikunjia. Baada ya miaka sita mtoto amekumbuka vidole vya baba yake."

Machozi yalikuwa yamemjaa machoni, wala hakuyaficha.

"Ila marehemu alikuwa akikunja kwa pembe," aliongeza, akichora hewani, "kona kwa kona, inatoka pembetatu. Huyu kakunja wima. Nikajua ni yeye hasa. Alikuwa mdogo, hakushika vizuri."

Bi Tepu, ambaye siku zote hukunja wima, akavitazama vidole vyake mwenyewe.

"Ndani ya hili langu nimeweka mkasi wa mama yake na barua. Nimemwambia, ujumbe wako nimeupata, nami nimekusamehe." Akaliweka boksi la viatu mezani, akalipapasa. "Haya, mlikuwa mnataka saini ya nini?"

"Ngoja kidogo, mzee," Bi Tepu alisema, akainuka na kwenda kwa Meneja.

Alimweleza Meneja yote, amesimama. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, na ni haki kusema kwamba aliweka kalamu chini.

"Kwa hiyo unaomba nini?"

"Naomba fomu hii ipotee."

"Ilishapotea mara moja, ikarudi na saini ya fundi milango."

"Basi nitie saini mimi kwa niaba yake."

"Bi Tepu," Meneja alisema polepole, "ni wewe uliyenikataza tepu ya kahawia."

Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali, mtu angepata pa kushika.

Bi Tepu alirudi mezani kwake na fomu mkononi. Njiani, ambayo ilikuwa hatua kumi na moja, aliwaza mengi. Aliwaza kwamba uongo huu si wake, umejitunga wenyewe, yeye angenyamaza tu. Aliwaza furaha ya mzee huyu imemkosea nani. Kisha akamwaza binti akifungua boksi na kukuta amesamehewa kwa sababu ya ujumbe ambao hakuutuma, na baba anayesubiri shukrani, na jinsi boksi hilo lingekuja kupasuka siku moja mahali ambapo hapana dawati. Akaona vibaya sana. Alitamani angekuwa karani wa dirishani, ambaye kazi yake ni kugonga muhuri.

"Nisomee," Mzee Saba alisema. "Miwani nimeiacha nyumbani. Kasha lilikuwa na kazi."

Bi Tepu akakaa, akakohoa, akasoma.

"Fomu Namba Tisa. Mimi niliyetajwa hapo juu nathibitisha kupokea fulana mbili, soksi jozi tatu, nyembe pakiti moja, dawa ya kuchua kopo moja."

"Sawa kabisa."

"Nimeelezwa kwamba mzigo wangu ulipasuka njiani."

"Ulipasuka? Maskini. Sikujua."

Ulibaki mstari mmoja. Dole gumba la Bi Tepu lilikuwa limelala juu yake, na kwa muda dole hilo lilikuwa na akili zake. Akaliondoa.

"Na kwamba ulifunguliwa na kufungwa upya na ofisi. Tepu yote iliyo juu yake ni ya ofisi, si ya mtumaji."

Feni ya dirishani ilizunguka. Mpakuzi mmoja nje alikuwa akigombana na baiskeli iliyokataa kushuka kwenye basi. Mzee Saba alikuwa bado ameshika kasha la miwani, limefunguka.

"Yote," alisema.

"Yote, mzee."

"Na hiki?"

"Hicho ni changu. Ni mimi niliyekikunja. Nisamehe."

"Unawakunjia wote?"

"Wote."

"Hata mwenye bawaba?" Kumbe Bi Tepu alipokuwa kwa Meneja, karani alishamsimulia kichekesho cha fundi wa bawaba na saini yake. Ofisi ile ilikuwa haina siri.

"Hata mwenye bawaba."

Mzee Saba alitikisa kichwa taratibu, kama anayeambiwa bei ya kitu ambacho alikuwa ameshakipeleka nyumbani. Akafunga kasha. Akavuta fomu, akatia saini kubwa, ya watu wa zamani, akairudisha. Kisha akavuta na boksi lake la viatu, akalikumbatia kifuani, akainuka.

Bi Tepu alijua kwamba hapo ndipo boksi linarudi nyumbani, na mkasi unarudi kwenye droo, na miaka sita inakuwa saba, kisha kumi, kisha msiba. Miaka yote amefunga vitu vya watu, leo ndiyo mara ya kwanza anapasua cha mtu kwa mkono wake.

Mzee Saba alifika mlangoni. Akasimama. Akasimama tena sana, mpaka mpakuzi mwenye baiskeli akamwomba apishe. Alipopisha, alijikuta amegeuka, na alipogeuka akarudi.

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Barua niliyoandika inajibu neno ambalo hakulisema." Akaliweka boksi mezani. "Nimemsamehe! Mimi! Kwa kosa gani? Kwa kutii alipoambiwa atoke?" Akajicheka, kicheko kifupi na kikavu. "Angeipokea barua ile angeniona mzee mpumbavu, na angekuwa hajakosea."

Akageuza boksi. Mwishoni mwa tepu ile yote, ile iliyozungushwa kama bandeji, kulikuwa na sikio. Lilikuwa limepinda, lina alama ya gumba na unywele mmoja mweupe ulionaswa, lakini lilikunjwa kwa pembe, kona kwa kona. Bi Tepu hakuuliza lilichukua saa ngapi. Mzee akalishika kwa vidole viwili, akavuta, na boksi likafunguka bila kisu.

Akaitoa barua, akaikunja, akaitia mfukoni. Kwenye karatasi safi aliyopewa akaandika bila kufichaficha, na Bi Tepu, ambaye kanuni ilimruhusu kusoma yaliyomo, aliyasoma. Yalikuwa maneno mawili. Nisamehe. Njoo.

"Sasa nipe tepu."

Mteja kutumia tepu ya ofisi ilikuwa marufuku kwa kanuni ambayo Bi Tepu mwenyewe aliipendekeza. Akampa roli zima.

Mzee Saba alifunga. Alipofika kwenye ncha, ikanata kwenye gumba, ikanata kwenye fulana mpya, ikanatana yenyewe. Akaitupa, akaanza upya. Mara ya tatu akainua macho.

"Nikunjie basi, binti yangu. Una mkono mzuri."

Bi Tepu alitamani sana. Vidole vyake vilikuwa vinawasha.

"Siwezi, mzee," alisema. "Mimi nakunja wima."

Mzee Saba akamtazama, akaelewa, akainamisha kichwa akaendelea. Mara ya tano ilitoka pembetatu ya kilema, lakini pembetatu. Karani aliligonga boksi muhuri na kulipeleka kwenye basi la saa nane.

Baada ya hapo Bi Tepu aliharibikiwa. Kila basi likifika alikwenda mwenyewe dirishani kutazama mizigo mizima, ambayo kwa miaka ishirini na mbili haikumhusu. Makarani wakasema ameanza kuzeeka. Wiki ya kwanza hapakuwa na kitu. Ya pili hapakuwa na kitu. Mzee Saba hakupiga simu kuuliza, na yeye hakupiga kumjulisha kwamba hakuna, maana hakuna ni habari isiyohitaji mjumbe. Nyumbani mume wake alimuuliza kwa nini siku hizi anafunga hata mkate kwa tepu. Akamjibu asimwingilie.

Wiki ya tano, Alhamisi, basi la asubuhi lilishusha begi la kitambaa lililozungushiwa tepu mara moja tu katikati. Halikuwa na mkwaruzo. Karani alikuwa ameshanyanyua muhuri.

"Ngoja," Bi Tepu alisema.

Akaligeuza. Tepu ilikuwa ya kahawia, ya bei rahisi, ile anayoidharau. Ncha yake ilikuwa imekunjwa kona kwa kona, pembetatu safi, iliyokunjwa na mtu ambaye mkono wake ulikuwa haujasahau kitu. Hakuligusa. Alikwenda chooni, akakaa humo kidogo, akatoka akiwa amenawa uso.

Mzee Saba alipigiwa simu, akafika baada ya nusu saa, anahema. Alikuja na kasha la miwani, na ndani, kama kawaida, hamkuwa na miwani. Bi Tepu aliliweka begi mbele yake, sikio likiwa upande wake. Mzee alilitazama muda mrefu. Halafu akaliwekea kidole juu, kimoja, bila kulivuta.

"Haya, nisomee fomu nitie saini," alisema.

"Fomu hakuna, mzee. Huu haukupasuka."

"Hakuna karatasi yoyote?"

"Ipo ya mtumaji tu. Inasema kilichomo."

"Si uisome."

Bi Tepu akaibandua karatasi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyeandika amesimama, kwenye kaunta ya ofisi kama hii.

"Nguo za mtoto wa kike, miaka minne," alisoma. "Mpokeaji azitunze. Wenyewe wanafuata kwa basi la Jumamosi."

Mzee Saba aliinua mkono wake wenye vidole vitatu, akahesabu miaka kimya kimya, mmoja, miwili, mitatu, akahamia mkono wa pili kwa ajili ya wa nne.

"Soma tena," alisema.

Akamsomea tena.